Mwalimu Mikono Nyuma

Watoto walimwita Mikono Nyuma. Walidhani hajui. Alijua, na jina lilimpendeza, ila mbele yao alijifanya mkali.

Alikuwa mke wangu. Alifundisha kuchora katika shule ya msingi iliyo juu ya barabara yetu, mpaka alipougua. Ukipita dirishani mwa darasa lake ungemwona anatembea kati ya madawati, mikono ameifunga mgongoni, kiganja kimoja kimemshika mwenzake kama askari aliyemshika mwizi. Mtoto akimwita, "Mwalimu, nisaidie jicho," anainama, anatazama, anauliza maswali. Mikono haitoki. Akiona hapana budi aonyeshe, anachukua kipande chake cha karatasi, anachora jicho lake huko, halafu anakikunja na kukitia mfukoni. Karatasi ya mtoto hakuigusa. Hata ikianguka alimwachia mwenyewe aiokote.

Nilimuuliza sababu tulipokuwa wapya. Alinieleza huku anachambua mchele. Alipokuwa mdogo, shuleni, alichora mbuzi wa baba yake. Mwalimu akamwambia mbuzi ni mzuri, ila miguu imelegea. Akachukua kalamu, akaisimamisha miguu. Akaongeza pembe, akaongeza na majani ya kula. Picha ikatundikwa ofisini. Baba yake akaitwa aione, akafurahi, akambeba begani mpaka nyumbani.

"Kila aliyenisifu," akaniambia, "nilimwona kama anamsalimia mtu aliyesimama nyuma yangu. Nikawa nageuka kumtafuta."

"Na mbuzi wako?"

"Mbuzi wangu miguu ilikuwa imelegea kweli, fundi. Alikuwa mgonjwa. Hakumaliza wiki."

Fundi ndilo jina aliloniita maisha yetu yote. Mimi ni seremala. Sikusoma. Herufi alinifundisha yeye, mezani kwetu, nikiwa na ndevu tayari. Atakayeona kosa humu asimlaumu yeye. Mti mkavu haukunjiki.

Wakati huo tulikuwa tunakaa na mdogo wake wa kike. Ni wa tumbo moja na mke wangu. Mama yao alipofariki alikuja kwetu na sanduku lake la shule, tukamlea mpaka akaota mabawa. Naye akasomea ualimu, akapangiwa shule ileile. Hadithi ya mbuzi aliijua kuliko mimi. Akitaka kumchokoza dada yake alikuwa analia "mee" dirishani, na dada yake anamrushia kandambili.

Mke wangu alikuwa na siku moja tu aliyoipenda kuliko sikukuu zote, siku ya maonyesho, mwisho wa mwaka wa shule. Mimi nilikuwa natengeneza fremu, kwa mabaki ya mbao za wateja. Fremu moja unaweza kuikuta ina upande wa mninga na upande wa msonobari. Vioo hatukuweka. Alisema kioo kinamfanya mtu ajitazame yeye mwenyewe.

Maonyesho yake hayakufanana na ya shule nyingine. Picha zilitundikwa ukutani zikiwa zimefunikwa vitambaa. Kila mtoto alisimama penye yake, akaifunua kwa mkono wake, akasema mambo matatu: niliona nini, nilianzia wapi, na nini kilinishinda. Makofi hayakupigwa mpaka hilo la tatu. Na mgeni hakuruhusiwa kuuliza "hii ni nini?" Aliyeuliza alipelekwa kusimama nyuma na watoto wa chekechea, awe mkuu wa shule au nani.

Mwaka mmoja mwenye bucha alikuja kumsikiliza mwanawe. Kitambaa kikatoka, ng'ombe huyo. Mwenye bucha akahesabu kwa kidole.

"Mwanangu, nimechinja ng'ombe tangu hujazaliwa. Huyu ana miguu mitano."

"Huo wa kwanza ndio ulionishinda," mtoto akasema. "Ulikaa vibaya. Nikachora mwingine pembeni."

"Si ungeufuta?"

"Nao ni wangu."

Watu wakapiga makofi. Mwenye bucha akaichukua picha, akaitundika buchani juu ya mizani. Wateja wakawa wanamwomba mguu wa nyongeza.

Hivyo ndivyo alivyofanya kazi. Hakuwa mtu wa maneno makubwa. Alitaka mtoto asimame mbele ya watu, aseme, hiki ni changu, na hapa kilinishinda, na asife kwa aibu. Alisema anayeweza hilo akiwa mdogo, ukubwani hatadanganya sana.

Kulikuwa na binti ambaye wenzake walimwita Nong'ona. Anaishi na bibi yake anayefua nguo za watu, nyuma ya karakana yangu. Sauti yake haikuvuka dawati. Alichora kuliko wote, na kila mwaka siku ya maonyesho ikifika, tumbo linamuuma.

Mke wangu alipoanzishiwa dawa za hospitali aliacha shule, lakini shule haikumwacha. Nong'ona alianza kuja kwetu jioni akitoka masomoni. Mke wangu alimkalisha barazani, akamwambia aieleze picha yake kwa ukuta. Alipoweza ukuta, akamwambia aieleze kwa ndoo. Akaweza na ndoo.

"Fundi, njoo ukae hapa," mke wangu akaniita. "Leo wewe ndiye hadhira."

"Hadhira inafanya nini?"

"Inanyamaza. Utaweza. Umejizoeza tangu nikujue."

Binti akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sauti yake vizuri. Akaeleza picha ya kamba ya nguo ya bibi yake, kwa kunong'ona, lakini akafika mwisho. Mke wangu akapiga makofi peke yake. Nami nikapiga.

Dawa zile zilimnyoa nywele zote. Alikuwa anafunga kitambaa. Siku moja ya joto akakifungua, akakiweka mapajani, akafumba macho. Nong'ona alikuwa ameshika kalamu zake za nta. Akamtazama sana.

"Mwalimu, nikuchore hivyo?"

"Unachokiona ndicho uchore. Sijakuita unipambe."

Alimchora kidogo kidogo, jioni kwa jioni. Kiti cha kamba. Blanketi. Mikono iliyokonda, imelala mbele juu ya mapaja, maana mgongoni ilikuwa haifiki tena. Nta ikajaa karatasi yote, na uso pia, isipokuwa kichwa juu ya paji. Kichwa alikizungushia mstari tu, ndani akaacha karatasi yenyewe, nyeupe. Nilidhani hajamaliza. Nikamwambia.

"Kimeisha, babu," akasema. "Hapo ndipo pagumu. Ni kutokukigusa."

Mke wangu aliiomba aione. Akacheka mpaka akakohoa. Nilimletea maji.

"Huyu ndiye mimi," akasema. "Watu wote wananiletea maua, huyu kaniletea mimi. Fundi, hii isiguswe na mkono wa mtu. Siku yake ikifika aifunue yeye, aseme yeye."

"Sawa."

Nong'ona akanigeukia. "Babu, umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi sema."

"Haitaguswa na mtu," nikasema.

Alifariki kabla ya maonyesho. Kuhusu siku ile sitaandika. Watu walikuja, wakakaa, wakaondoka. Nilirudi karakana mapema, kwa kuwa nyumbani nilikuwa nimeanza kuzungumza na kabati.

Shemeji yangu akapewa darasa la dada yake. Nilifurahi. Nilisema mwenye kufa amemwachia mwenziwe. Mkuu wa shule akatoa wazo kwamba maonyesho ya mwaka huo yawe ya kumkumbuka marehemu, na chumba cha kuchorea kiitwe kwa jina lake. Wageni wakaalikwa, wakubwa, na mgeni rasmi. Watoto wakaanza kuniletea picha nizitie fremu. Nong'ona alikuja wa mwisho, picha ameikumbatia kifuani.

"Ikae kwako mpaka siku yenyewe," akaniambia.

Nikaitia fremu, nikaifunika, nikaiegemeza nyuma ya benchi langu.

Shemeji alifika na gari la shule kuchukua fremu zote. Alikuwa amekonda naye. Tulisalimiana, akafuta vumbi la mbao kwenye kigoda, akakaa.

"Nazichukua leo, shemeji, nipange misumari ukutani kabla wageni hawajafika."

"Chukua. Ile ya Nong'ona niachie. Nitaileta mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Nimemwahidi."

"Ni picha ya nani?"

"Ya dada yako."

Akasema, taratibu, "Unanificha picha ya dada yangu?"

Nifanyeje? Mtoto niliyemlea, amefiwa kama nilivyofiwa, anauliza swali kama hilo huku machozi yanamlenga. Nikaitoa nyuma ya benchi. Nikamwambia, "Kitambaa kisifunguliwe. Afungue mwenyewe, kama ilivyokuwa kwa dada yako."

"Shemeji, unanifundisha mimi mambo ya dada?" akasema, akanishika bega. "Mimi ndiye niliyekuwa nalia mee."

Tulicheka wote wawili. Akaondoka nazo.

Siku ya maonyesho nilivaa koti nililooa nalo. Nilikalishwa safu ya mbele, pembeni ya mkuu wa shule. Chumba kilinuka rangi mbichi ya ukuta. Viti vilikuwa vya kukodi, vimevikwa vitambaa vyeupe. Kulikuwa na kipaza sauti. Mke wangu hakuwahi kuweka kipaza sauti. Alisema asiyesikia na asogee.

Mtoto wa kwanza akafunua. Nikasubiri aseme aliona nini.

"Mheshimiwa mgeni rasmi, picha hii inaonyesha umuhimu wa mazingira. Asanteni kwa kunisikiliza."

Wa pili akafunua. "Mheshimiwa mgeni rasmi, picha hii inaonyesha umuhimu wa elimu. Asanteni kwa kunisikiliza."

Kasuku. Wote sauti moja, macho dirishani. La kushindwa halikuwapo. Nikamtazama shemeji. Alikuwa amesimama kando ya ukuta, midomo inatembea pamoja na ya mtoto. Nikajisemea, labda ni kwa ajili ya wageni. Labda wakati haukutosha. Mtu hutafuta udhuru wa ndugu yake kabla ya wa kwake mwenyewe.

Nong'ona aliwekwa wa mwisho, picha yake katikati ya ukuta. Mshereheshaji akasema, "Na sasa, picha ya marehemu mwalimu wetu mpendwa." Watu wakajiweka sawa vitini. Binti akatembea mpaka pale. Nilimwona anavyopumua, kama alivyofundishwa barazani. Akashika ncha ya kitambaa, akavuta.

Mwanamke aliyekuwa ndani ya fremu alikuwa na nywele. Nywele nyingi, nyeusi, zimechanwa. Mashavu yamejaa. Ana hereni. Anatabasamu kwa meno. Blanketi limekuwa gauni la bluu, na juu ya mikono yake iliyokonda yamelazwa maua.

Watu wakasema, "Aaa." Wakapiga makofi. Bibi mmoja nyuma yangu akasema, "Ni yeye kabisa, mwenyewe."

Nong'ona hakugeuka. Aliitazama. Alisogea karibu kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba yake katika mtaa asioujua. Shemeji akamnong'oneza kutoka pembeni, "Mheshimiwa mgeni rasmi. Picha hii. Sema."

Binti akageuka. Hakumtazama shemeji. Alinitazama mimi.

"Siyo yangu," akasema.

Hakusema kwa kunong'ona. Kwangu ilifika.

Mgeni rasmi akainama mbele. "Anasemaje mtoto?"

"Anasema asante, mheshimiwa," shemeji akajibu. "Ana haya kidogo."

Watu wakacheka kwa upole, wakapiga makofi tena. Mgeni rasmi akasimama, akampa binti mkono. Mkono ule ulipokewa kama mtu anavyopokea kitu cha moto. Nami nilikuwa safu ya mbele na koti langu. Nilikaa.

Wageni walipokwisha kuondoka nilimkuta shemeji anakunja vitambaa vya viti.

"Umefanya nini?" nikamuuliza.

Alijua nauliza nini. "Ulitaka watu wamwone vile?"

"Alikuwa vile."

"Kwako. Wewe ulimwona kila siku, ukazoea. Mimi niliifungua hapa peke yangu, nikamkuta dada amekaa na kichwa kile. Shemeji, nilishindwa kupumua. Nikasema sitawaonyesha watu mifupa ya dada yangu. Nikachukua brashi."

"Na mtoto?"

"Mtoto amesifiwa na mgeni rasmi. Picha inabaki hapa ukutani, jina lake chini. Kuna mtoto gani shule hii amepata heshima hiyo?"

"Alisema siyo yake. Ukasema anasema asante."

Aliendelea kukunja. Kitambaa alichokuwa nacho alikikunja, akakikunjua, akakikunja tena.

"Kuna maneno hayasemwi mbele ya wageni," akasema.

Nilikuwa na mengi kifuani. Nikasema moja tu. "Mbuzi unamkumbuka?"

Akaacha kukunja. "Usiniletee mbuzi," akasema. "Usithubutu." Akaniacha na viti.

Nimewahi kuibiwa. Nimewahi kudhulumiwa na mteja. Hayo yanapita, mwizi si mtu uliyemlaza nyumbani kwako. Lakini huyu alijua. Angekuwa hajui ningemfundisha. Alikijua kidonda cha dada yake tangu utoto, akachukua kisu kilekile, akamchoma nacho mwanafunzi wa dada yake, tena mbele ya jina la dada yake juu ya mlango.

Kesho yake Nong'ona akaja karakana. Hakuingia. Alisimama pale takataka za randa zinapoishia.

"Babu, ni wewe uliyepaka?"

"Hapana."

"Nani alipewa?"

"Mwalimu wako. Nilimpa mimi."

"Ulisema haitaguswa na mtu."

"Nilisema."

Akaangalia chini. Akasema hataki jina lake likae chini ya picha ile. Kila atakayeingia chumba kile atasema yeye ndiye aliyemchora mwalimu hivyo, kumbe hakumchora hivyo. Alisema yote hayo kwa sauti ya kawaida, bila kunong'ona, kama mtu aliyemaliza kuogopa. Ningependa mke wangu aisikie sauti ile, lakini si kwa maneno yale.

"Ngoja hapo," nikamwambia.

Nikavuka barabara, nikapanda shuleni. Ilikuwa mchana, watoto wako mapumzikoni. Nikaingia chumba kile, nikaitoa picha kwenye msumari. Fremu ni yangu, naijua ilipo. Nikatoka nayo kwapani mbele ya kila mtu. Fundi cherehani aliye jirani na karakana akaniona narudi.

"Fundi, siku hizi unaiba mchana?"

"Ndiyo."

Aliniona uso, akarudi kwenye cherehani yake.

Nong'ona akanipokea. Tuliitoa kwenye fremu, tukailaza juu ya benchi. Akapitisha ukucha pembeni. Rangi ya shemeji ilikuwa ya maji, na chini yake ilikuwa nta. Nta hukataa maji. Rangi ilikuwa imeanza kujikunja yenyewe kama ngozi ya maziwa. Binti akaomba kitambaa na maji kidogo. Akaanza kufuta, polepole, kutoka chini.

Gauni la bluu likatoka, blanketi likarudi. Maua yakatoka. Mikono yake ikatokea, mmoja, wa pili. Nilishika benchi. Mashavu ya kununuliwa yakatoka, na hereni, na mashavu yake mwenyewe yakabaki. Binti alikuwa ameanza kutabasamu. Akafika kichwani.

Pale palikuwa hapana nta. Aliacha karatasi yenyewe, mnakumbuka, kwa sababu ndipo palipokuwa pagumu. Rangi nyeusi ilikuwa imezama kwenye karatasi mpaka upande wa pili. Akafuta. Ikatapakaa. Akakamua kitambaa, akafuta kwa ncha. Karatasi ikaanza kutoa manyoya.

"Acha, mjukuu wangu," nikasema. "Itatoboka."

Akaacha. Kichwani kukabaki doa la kijivu. Si nywele, si upara. Mahali pekee ambapo hakugusa ndipo palipoguswa pakashika.

"Utamchora tena," nikasema. Nililijua neno langu ni bovu kabla halijatoka.

"Nikimwangalia wapi?" akasema.

Shemeji akaingia wakati huo. Alikuwa amekuja mbio, kanga imemteleza begani. "Shemeji, mkuu wa shule ananiuliza picha iko wapi, nimwambie nini? Nimwambie umeichukua kama mwizi wa kuku?" Kisha akaona benchi. Akaona mikono ya dada yake.

Sikumpa kigoda.

Nong'ona alikuwa bado na kitambaa mkononi, kinachuruzika maji meusi. Akamuuliza kwa adabu, kama darasani.

"Mwalimu, kwa nini hukuniuliza?"

Shemeji akanitazama, labda nimjibie.

"Ningekuuliza," akasema, "ungekataa."

"Ndiyo," binti akasema. "Ningekataa."

Shemeji aliisogelea picha, akanyoosha kidole kwenye doa lile, akakirudisha kabla hakijafika. Machozi yakaanza kumtoka. Alinigeukia mimi.

"Hukuniambia kwamba aliiona, kwamba aliipenda. Wewe husemi kitu, shemeji. Miaka yote husemi kitu."

Hapo alisema kweli. Lakini kweli hiyo haikuwa ya kunijibu mimi siku hiyo. Nikamwambia, "Aliiona. Alicheka." Akafunika uso kwa kanga, akatoka. Nilimsikia mpaka kwa fundi cherehani, halafu sikumsikia.

Nong'ona aliisubiri picha ikauke. Akaiviringisha, picha ikiwa nje, akaifunga kwa uzi wa fundi cherehani, akaichukua. Fremu hakuitaka.

Huu ni mwaka mwingine. Ukutani mwa chumba kile wametundika picha ya mke wangu ya kitambulisho, iliyokuzwa. Ina nywele. Hiyo sina neno nayo, ilipigwa akiwa nazo. Shemeji tunasalimiana. Anauliza hali, nasema nzuri. Lakini kwangu haji tena kula. Nimesikia ameacha kuwakaririsha watoto hotuba, sijui kama ni kwa kutaka kwake au kwa mkuu wa shule. Sijamuuliza.

Fremu natengeneza bado, maana watoto hawana kosa. Ila siku hizi sipakii kitu kwenye gari la shule. Nazibeba mwenyewe asubuhi ya maonyesho, na nakaa chumbani nazo mpaka mwenye kila picha afike aipokee.

Mwaka huu nilikaa safu ya nyuma. Watoto walisema vizuri. Mmoja alisema kilichomshinda ni mvua, hajui inaanzia wapi kwenye karatasi. Nong'ona alikuwa upande wa pili wa chumba na bibi yake, amekuwa mrefu. Zamu ya darasa lake ilipofika shemeji alimwita kwa jina lake kamili, kwa upole, na kumsubiri.

Binti akatikisa kichwa.

Shemeji akaitazama karatasi yake ya majina. Kisha akaita jina linalofuata.